Hatua Arobaini Kwenda Chooni

Katika maboma mengi ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, choo huchimbwa mbali na nyumba, na sababu zake ni nzuri: harufu, nzi, na kisima kisichafuke. Kijana hazihesabu hatua za kufika huko. Bibi wa miaka 75 anazihesabu, maana huamka mara mbili au tatu kila usiku, na kati ya kitanda chake na choo kuna kizingiti cha mlango, kuna kamba ya mbuzi iliyosahauliwa uani, kuna jiwe lililochomoza ardhini tangu boma lilipojengwa, na wakati wa masika kuna tope linaloteleza kama sabuni. Tochi iko kwenye simu ya mjukuu aliyelala chumba kingine. Ndala moja imekatika mkanda na kushonwa kwa waya.

Siku akianguka, majirani huja kumpa pole na kuambiwa kwamba bibi aliteleza tu. Lisikilize neno hilo la mwisho. Hakugongwa na pikipiki, hakudondoka kutoka mtini, hakupigwa pembe na fahali. Alikuwa amesimama, akaanguka palepale, na mfupa wa paja ukavunjika. Mfupa ulio imara hauvunjiki hivyo kirahisi. Madaktari wana kanuni moja nyepesi: mtu aliyevuka miaka 50 akivunjika mfupa kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, au chini ya hapo, mfupa huo ushukiwe kuwa ulidhoofika zamani, kabla ya usiku ule. Basi neno “tu”, ambalo tunalitumia kulipunguzia jambo uzito, ndilo linaloutaja ugonjwa. Kitaalamu unaitwa osteoporosisi. Kwa Kiswahili cha kawaida ni udhaifu wa mifupa.

Aliyewahi kuona nyumba ya miti na udongo ikizeeka atauelewa haraka. Mfupa si jiwe. Ni ukuta unaobomolewa na kukandikwa upya kila siku, maisha yote. Ndani yake kuna chembe hai za aina mbili, wabomoaji na wakandikaji. Mpaka mtu afike miaka 30 hivi, wakandikaji hushinda, na mfupa hujaa. Baadaye wanakwenda sare kwa miaka kadhaa. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua ghafla, nao hupata nafasi. Miaka mitano hadi kumi ya mwanzo ndiyo ya hasara kubwa. Wanaume nao hupoteza, ila polepole na kwa kuchelewa.

Ukuta wa udongo hausimami kwa udongo. Husimama kwa fito. Mfupa nao, hasa kwenye pingili za uti wa mgongo na kwenye nyonga, umejaa vijiti vyembamba vilivyofumana kama fito za ukuta. Vijiti hivyo hukonda kwanza, kisha hukatika. Ufito uliokonda unaweza kukandikwa ukanenepa tena. Ufito uliokatika haurudi, kwa sababu udongo hauna pa kushika. Ndiyo maana kuchelewa kuna gharama kubwa katika ugonjwa huu: dawa na chakula vinaweza kunenepesha kilichobaki, haviwezi kufuma upya kilichokwisha kukatika.

Haya yote hutokea bila maumivu. Watu wengi hudhani magoti yanayouma asubuhi ndiyo dalili. Maumivu ya magoti kwa kawaida hutokana na kulika kwa viungo, na huo ni ugonjwa mwingine. Mfupa dhaifu haumi mpaka siku unapovunjika. Kuna dhana nyingine ambayo wanawake wengi wanaibeba kama lawama dhidi ya uzazi wao, kwamba watoto wamemaliza mifupa yao. Ni kweli mama anayenyonyesha hupoteza madini ya mifupa. Lakini akiacha kunyonyesha, mwili huyarudisha. Mama aliyezaa watoto wanane hana sababu ya kuamini kwamba ndio waliomvunja nyonga.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba viliuhesabu ugonjwa huu kuwa wa Wazungu, na msingi wake haukuwa wa kubuni. Mwaka 1968 Louis Solomon, daktari wa mifupa wa Johannesburg, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba Waafrika wa jiji lile walivunjika nyonga kwa nadra sana wakilinganishwa na watu wa Ulaya. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi vijijini Gambia waliripoti jambo la kushangaza zaidi: wanawake wazee wa huko walikuwa na madini machache mifupani, lakini waliovunjika kwa udhaifu huo walikuwa wachache mno. Huenda namna ya kuishi, kutembea, kulima na kubeba, iliwapa misuli na miguu ya kujishika. Hoja hiyo nitairudia, kwa sababu naiona kuwa na thamani kuliko dawa nyingi.

Hata hivyo hesabu za aina hii nyingi huanzia hospitalini, na bibi asiyefika hospitali hahesabiwi. Anayelazwa kwa mganga wa kuunga mifupa, au anayelazwa tu kitandani kwake mpaka homa ya mapafu imchukue, huandikwa na familia kama aliyekufa kwa uzee. Sasa kuna watafiti wanaofuatilia suala hili Zimbabwe, Afrika Kusini na Gambia, na kwetu wapo walioanza kuhesabu waliovunjika nyonga mkoani Kilimanjaro. Tusisahau pia kwamba wazee wenyewe wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, na Mkoa wa Mara peke yake una zaidi ya milioni 2.3. Hata kama ugonjwa utabaki nadra kwa kila mzee mmojammoja, wodi zitapokea wengi zaidi.

Tatizo ni kwamba wodi zetu zimezoea kuona mfupa uliovunjika kwa njia moja. Ukisema “amevunjika” katika mji wa Tarime, Sirari au Mugumu, anayesikia huona pikipiki kichwani. Bodaboda zimeleta majeruhi wengi vijana kiasi kwamba bibi aliyevunjika kifundo cha mkono huwekewa plasta, huambiwa apunguze kazi, na hurudi nyumbani bila mtu kuuliza alivunjikaje. Mkono huo ndio barua ya kwanza. Mtu aliyekwisha kuvunjika mara moja kwa udhaifu wa mifupa ana hatari karibu mara mbili ya kuvunjika tena akilinganishwa na mwenzake ambaye hajavunjika. Kwa kawaida mkono hutangulia, katika miaka ya 50 na 60, wakati mtu bado ana wepesi wa kutanguliza kiganja anapoanguka. Nyonga hufuata miaka kumi au ishirini baadaye, wakati mkono hauwahi tena, na mzee huanguka upande kama gunia.

Katikati ya mkono na nyonga kuna kuvunjika kwa namna ya tatu, ambako hakuna anayekuona. Pingili za mgongo zinasagika taratibu, au siku moja kwa ghafla bibi anapoinama kuinua ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, na aliyeinama huuweka uzito huo wote mbele ya uti wa mgongo. Anasikia kitu kimemchoma, anakaa siku chache, maumivu yanapungua. Baada ya miaka kadhaa mgongo umejikunja, kimo kimepungua, gauni lililokuwa likimfika kifundoni sasa linaburuta mbele. Tunasema amezeeka. Njia nyepesi ya kujua ni kumsimamisha mtu mwenye miaka 50 kwenye mwimo wa mlango, kuweka alama ya kimo chake kwa mkaa, na kumrudisha hapo kila mwaka. Akipungua sentimita nne, apelekwe akapigwe picha ya mgongo.

Hapa niingize tahadhari moja inayowahusu hasa wafugaji. Mgongo unaouma wilayani Serengeti una sababu nyingine ambazo hazipaswi kufunikwa na jina la uzee. Brusela, ugonjwa unaotoka kwa ng’ombe na mbuzi kupitia maziwa mabichi na damu ya uzazi wa mifugo, hushika mgongo na viungo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo. Maumivu yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au miguu kufa ganzi si ya kusubiri. Na maziwa yachemshwe, maana nitayasifia hivi karibuni.

Kipimo rasmi cha udhaifu wa mifupa ni mashine inayopima msongamano wa madini kwa miale midogo. Vigezo vyake viliwekwa na kikundi cha wataalamu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, na mashine yenyewe haimo katika zahanati wala kituo cha afya chochote cha kijijini. Eksirei ya kawaida inaonyesha mfupa uliovunjika, lakini udhaifu wenyewe haionyeshi vizuri mpaka sehemu kama theluthi moja ya madini iwe imepotea. Je, tusubiri mashine? Sioni sababu. Maswali mengi yanayobashiri hatari hayahitaji umeme. Ana umri gani? Alikoma hedhi mapema, kabla ya miaka 45? Ni mwembamba sana? Alishavunjika baada ya miaka 50? Mama yake au baba yake alivunjika nyonga? Anavuta tumbaku? Anakunywa gongo kila siku?

Kuna maswali mawili ya dawa ambayo hayaulizwi vya kutosha. La kwanza ni la steroidi. Predinisoloni na deksamethasoni hununuliwa kwa maumivu ya viungo na pumu, na mtu huendelea nazo kwa sababu kweli zinamrudishia nguvu kwa muda. Anayezitumia zaidi ya miezi mitatu mfululizo anaimaliza mifupa yake. Asiziache ghafla, kwa kuwa kuziacha ghafla nako ni hatari. Aende kwa daktari apunguziwe kwa mpango. La pili ni la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tenofovia, iliyomo kwenye kidonge wanachopewa wengi, hupunguza kidogo madini ya mifupa, hasa mwanzoni. Asiiache mtu yeyote kwa sababu hiyo, maana inamlinda uhai. Ila mama wa miaka 60 anayeitumia anastahili kuulizwa kuhusu kuanguka kama anavyoulizwa kuhusu kikohozi.

Kuhusu jua, watu wa Mara wana bahati. Wilaya hizi ziko karibu na ikweta, upande wa kusini. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima vitamini D kwa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii. Kwa hiyo bibi anayeshinda shambani au uani hahitaji kuuziwa chupa ya vitamini D na mchuuzi wa stendi. Anayeihitaji ni yule aliyelazwa ndani miezi mitatu, ambaye jua huliona likipita dirishani.

Kinachopungua zaidi ni kalsiamu. Mwanamke aliyevuka miaka 50 hushauriwa apate miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina karibu 300. Mahindi yana kidogo mno. Na hapa kuna jambo linalonisikitisha: ulezi, nafaka ya wazee wetu, una kalsiamu zaidi ya mara kumi ya mahindi, lakini ugali wa mahindi umekuwa ndio chakula na ulezi umebaki kuwa uji wa mgonjwa au kimea cha pombe. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaliwa na mifupa yao yote. Sahani moja yao ina kalsiamu na protini kwa pamoja, na protini ndiyo inayojenga misuli ya paja. Mgagani na majani ya kunde husaidia. Maziwa yapo katika maboma haya, lakini asubuhi huenda kuuzwa, na yanayobaki ni ya watoto. Hakuna anayemnyima bibi kwa ubaya. Mwenyewe husema ameshiba.

Lakini kalsiamu peke yake haimzuii mtu kuanguka, na bila kuanguka mfupa dhaifu wa nyonga kwa kawaida hauvunjiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika watu waliovuka miaka 65, karibu mmoja kati ya watatu huanguka kila mwaka. Kwa nini? Macho ni sababu kubwa. Mtoto wa jicho hufanya jiwe na kivuli vifanane. Uchunguzi uliofanywa Nottingham, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wanawake wazee waliotolewa mtoto wa jicho la kwanza mapema walipunguza kuanguka kwa karibu theluthi moja. Upasuaji wa jicho ni kinga ya nyonga, na sidhani kama kuna familia nyingi zinazoufikiria hivyo. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza, humfanya mtu aone kizunguzungu anaposimama ghafla, tena humwamsha usiku kwenda chooni. Kisukari huua hisia za nyayo. Gongo haina haja ya maelezo.

Sababu kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni misuli ya mapaja, na hapo heshima yetu inatudanganya. Bibi akianguka mara ya kwanza bila kuvunjika, watoto humwambia: “Bibi, kaa tu, sisi tutafanya.” Wanamletea maji, wanamletea chakula, wanamfukuzia kuku ili asinyanyuke. Ni upendo wa kweli. Baada ya miezi mitatu ya kukaa kwenye mkeka, mapaja yamelegea, mwili umesahau kujishika, na hofu imeota. Siku anaponyanyuka peke yake usiku, kwa kuwa hakuna anayeweza kukaa tu haja ikimbana, anaanguka kirahisi kuliko alivyoanguka mwanzo. Tumemkalisha ili asianguke, na kukaa ndiko kulikomwangusha.

Mapitio ya tafiti nyingi kuhusu mazoezi ya wazee, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba mazoezi, mengi yakiwa ya kusimama imara na nguvu za miguu, hupunguza kuanguka kwa karibu asilimia 23. Hayahitaji ukumbi. Bibi akae kwenye kiti kisichoyumba, ainuke bila kushika kwa mikono, akae tena, mara tano asubuhi na mara tano jioni, akiongeza kadiri nguvu zinavyorudi. Asimame akishika nguzo ya kibaraza, ainue mguu mmoja, ahesabu hadi kumi, abadilishe. Ainue visigino vyote viwili akiwa ameshika nguzo hiyohiyo. Kama hawezi kuinuka kitini bila mikono, hiyo yenyewe ni taarifa kwamba hatari iko karibu. Na kazi asinyang’anywe, abadilishiwe: dumu la lita tano badala ya ndoo ya 20, ufagio wenye mpini mrefu badala ya ule mfupi unaomkunja mgongo nusu saa kila alfajiri, kupalilia akiwa amepiga goti kuliko kuinama kiuno. Kigoda cha jikoni kiongezwe urefu. Kigoda kifupi ni kizuri kwa msichana. Kwa bibi mwenye mapaja malegevu ni shimo.

Halafu turudi kwenye ile njia. Mtu wa kazi, jembe na siku moja vinatosha kubadilisha mengi. Mawe yaliyochomoza yang’olewe. Kamba za mifugo zifungwe upande mwingine wa ua kabla ya giza. Njia imwagiwe changarawe ili masika isiigeuze utelezi, na ifungwe kamba nene au fito mlalo kwenye nguzo, kimo cha kiuno, kuanzia mlangoni hadi chooni, mzee apate pa kushika. Kizingiti kipakwe chokaa kionekane. Taa ndogo ya sola iwekwe karibu na mkono wa bibi, iwe yake, si ya mwanafunzi anayesoma usiku. Viatu viwe vya kufunga nyuma. Ndala hutoka mguuni mahali pabaya kuliko pote.

Choo chenyewe kina tatizo lake. Kuchuchumaa juu ya shimo na kuinuka tena kunahitaji nguvu ambazo mzee wa miaka 80 hana. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, na mti mmoja wima ukachimbiwa pembeni wa kushika. Wengine hukata tundu kwenye kiti cha plastiki, ila kipimwe kwanza kama hakiyumbi. Kuna suluhisho rahisi zaidi, kopo au ndoo yenye mfuniko chumbani kwa ajili ya usiku, na hilo ndilo linalokataliwa zaidi. Aibu yake ni ya kweli. Mama mkwe hataki mkamwana amwage haja yake. Mazungumzo hayo yafanywe na mtu anayefaa, pengine binti yake mwenyewe au bibi mwenzake, mchana, kwa sauti ya chini.

Anguko likishatokea na bibi hawezi kusimama, mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko mwingine na wayo umegeukia nje, chukulia kwamba nyonga imevunjika. Asivutwe. Asikandwe kwa maji ya moto wala mafuta. Asijaribiwe kutembezwa. Blanketi liwekwe katikati ya miguu, miguu ifungwe pamoja kwa kanga, abebwe amelala juu ya machela, ubao wa kitanda au mlango. Kumpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, kama inavyofanyika, ni kusogeza vipande vya mfupa katika kila shimo la barabara. Kwa akina mama wajawazito na watoto wachanga nchi imejenga mpango wa m-mama, wenye namba 115 na madereva wa jamii wanaolipwa kwa safari. Umeonyesha kwamba usafiri wa dharura kijijini unawezekana. Natamani siku moja mzee aliyevunjika naye apate namba ya kupigiwa.

Wengi huenda kwanza kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa, na sina dharau naye. Kuna mikono na miguu ya watoto aliyoinyoosha vizuri, yuko karibu, na analipwa hata kwa kuku. Lakini nyonga haimo katika uwezo wa vijiti na bandeji. Shingo ya mfupa wa paja imefichwa ndani ya misuli minene, na kitu kilichofungwa nje hakiwezi kuishika. Bandeji ikikazwa sana, mguu hukosa damu. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, ifunguliwe saa hiyohiyo.

Hospitali ya Bomani mjini Tarime, ya Nyamwaga, na ile ya Nyerere mjini Mugumu ndizo milango ya kwanza kwa wengi. Upasuaji wa nyonga huweza kuhitaji rufaa hadi Musoma, Bugando jijini Mwanza, au hata Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoko Dar es Salaam, na kutoka Mugumu hadi Musoma pekee ni zaidi ya kilomita 100. Familia huuza ng’ombe, huchanga, husubiri. Wakati huo muda unakimbia. Nchini Uingereza hospitali hulenga kumpasua mgonjwa wa nyonga ndani ya saa 36, si kwa anasa, bali kwa sababu mzee asiyeamka kitandani hufa kwa vitu ambavyo si mfupa: homa ya mapafu, damu kuganda kwenye mishipa, vidonda vya mgongo. Hata katika nchi tajiri, kati ya watu kumi waliovunjika nyonga wawili hadi watatu hawamalizi mwaka. Asipopatikana wa kumpasua, huwekewa uzito wa kuvuta mguu kwa wiki nyingi, na hapo maisha yake yako mikononi mwa anayemgeuza kila saa mbili.

Ni nani huyo? Katika wilaya hizi swali hilo lina jibu la kipekee. Kwa desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hulipa mahari na kumwoa msichana, ambaye watoto atakaowazaa huhesabiwa wa nyumba ile. Desturi hiyo ina wakosoaji wake, na wana hoja, hasa pale msichana anapokuwa mdogo na hakuulizwa. Lakini itazame kwa upande wa nyonga. Mzee anayeingia katika mpango huo anatafuta mikono: ya kuchota maji, kuleta kuni, kumwinua. Akivunjika, yote yanamwangukia mkamwana mmoja mwenye watoto, shamba na ng’ombe, ambaye hakufundishwa na mtu namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza wala kuumia yeye mgongo. Muuguzi akimwonyesha kwa dakika 20 kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, namna ya kumgeuza, kumkalisha, kukagua matako na visigino kama ngozi imekuwa nyekundu, atakuwa ameokoa zaidi ya kidonge chochote. Amwonyeshe yeye, si mwanamume aliyekuja kulipa.

Vidonge navyo vipo. Alendroneti, miligramu 70 mara moja kwa wiki, huwatuliza wabomoaji, na kwa wanawake waliokwisha kuvunjika pingili imepunguza kuvunjika kwa pingili nyingine kwa karibu nusu. Masharti yake ni magumu kidogo: inamezwa alfajiri tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji safi, si chai wala maziwa, na mtu abaki wima nusu saa bila kulala, kwa sababu ikikwama huchoma koo. Haimfai mwenye figo zilizochoka sana. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na dirisha la wazee limefunguliwa katika hospitali nyingi. Dirisha ni jambo jema, lakini dawa isiyokuwepo nyuma ya dirisha haimezwi, na dawa za mifupa bado zinachukuliwa kama za watu wa mijini. Naamini hilo ni kosa.

Kama ningeombwa kuchagua mahali pamoja pa kuanzia, nisingechagua wodi ya nyonga. Ningechagua chumba cha plasta, wiki ya sita, siku mkono wa mama wa miaka 62 unapofunguliwa. Mkono umepona. Anafunga kanga yake, anahesabu nauli ya kurudi Nyamongo, na kadi yake imeandikwa kwamba aliteleza. Kabla hajafika mlangoni, mtu amsimamishe dakika tano. Amuulize alikoma hedhi lini, anatumia dawa gani, anaona vizuri kwa macho yote mawili. Amkalishe kitini amwone akiinuka. Na amuulize swali ambalo halimo kwenye fomu yoyote: mama, kutoka kitandani kwako hadi chooni, ni hatua ngapi?